Kukiachia Chuo Chako Fungu Kwenye Wasia: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Hapa Mombasa

Nimeamua kuyaandika kwa sababu nimechoka kujibu jambo moja mara ishirini. Mimi nimesoma pale Tudor, chuo ambacho leo ni Technical University of Mombasa, enzi zile tukiita Poli, na tangu sisi tuliomaliza pale tuanze kuzungumza habari ya kukikumbuka chuo kwenye wasia, kila nikikaa baraza, kila harusi, hata matangani wallahi, kuna mtu ananivuta kando, "ebu nambie, hiyo maneno yenyewe vipi?" Bas ndio haya. Mimi si wakili, ni fundi umeme mstaafu aliyekaa kwenye mabenchi ya mawakili na makadhi mpaka akazoeleka, kwa hivo chukua haya kama mwanzo, yale ya ndani ya nyumba yako mpelekee anayejua.

Kwani hii kitu yenyewe ni nini?

Ni kupanga ungali hai kwamba siku ukiondoka, fungu fulani la mali yako liende kwa chuo ulichosoma. Yaweza kuwa pesa, hisa, kiwanja, hata kabati la vitabu. Leo hutoi hata ndururu, unaendelea kula vyako, unapanga tu.

Si haya ni mambo ya Wazungu?

Hili ndilo swali namba moja na linanikera kidogo. Ni kweli Wazungu wanalo, yule John Harvard alipofariki 1638 alikiachia chuo kilichokuwa kichanga nusu ya mali yake na vitabu kama 400, na ndio maana mpaka leo kinaitwa kwa jina lake, na yeye wala hakusoma hapo. Lakini rudi nyuma zaidi. Qarawiyyin ya Fez kule Moroko, inasimuliwa iliasisiwa 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa pesa alizorithi kwa babake. Urithi ukageuka msikiti, msikiti ukageuka chuo.

Na mbona twende mbali, hapo Tudor penyewe. Chuo kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kikiitwa Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME wazee wanaikumbuka, na pesa za kuanzia zilitoka kwa watu, Aga Khan alitoa, Sultani wa Zanzibar alitoa, Mabohora walitoa. Allidina Visram nayo, ile shule, ilijengwa na mtoto kumkumbuka babake aliyefariki 1916. Mji huu umesomeshwa na mali za watu waliokwisha kufa, sisi ndio tumesahau tukabaki kungoja serikali.

Kuna kitu kimoja lakini ambacho ni cha Marekani kweli, nako ni ule mpango wa mtu kukikabidhi chuo mali yake sasa, chuo kinamlipa kiasi kila mwaka mpaka afe, kinachobaki ndio cha chuo. Sheria zao za kodi zimeujengea njia. Hapa kwetu njia zilizozoeleka ni wasia, wakf (mali inayofungwa kwa kazi ya kheri, nitaieleza mbele), na jina kwenye fomu za bima na sako, kwa hivo akikujia mtu na suti anakuuzia ule wa Marekani hapa Nyali, muulize maswali mengi kabla hujatia sahihi.

Mimi si tajiri, mbona unanisumbua?

Nani alikwambia wanatafutwa matajiri? Mtoto anazuiliwa kuingia chumba cha mtihani kwa salio la elfu kumi na tano, elfu ishirini. Hiyo ni pesa ambayo wengine wetu tunaimaliza kwa biriani ya arobaini moja. Fungu la asilimia tano la mali ya mwalimu mstaafu linaweza kuwatoa watoto kama hao mlangoni miaka na miaka, likipangwa vizuri.

Mimi Muislamu. Si mirathi yetu ishagawanywa na Mungu?

Imegawanywa ndio, lakini mlango wa wasia uko wazi. Mpangilio ni huu, ukifa kwanza unazikwa, halafu madeni yanalipwa, halafu wasia, ndipo warithi wanagawana kilichobaki. Na wasia mwisho wake ni thuluthi, yani theluthi moja ya kilichobaki baada ya mazishi na madeni. Saad bin Abi Waqqas alitaka kutoa zaidi, Mtume akamwambia thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Kwa hivo ikiwa kimebaki milioni tatu, kikomo chako ni milioni moja, na kwa maoni yangu mtu mwenye watoto wadogo hata asikifikie hicho kikomo. Ukizidisha, ile ziada inangoja ridhaa ya warithi baada yako, na hapo ndipo maneno huanza.

Kitu kingine, kwa Sunni mrithi hausiwi mpaka warithi wenziwe wakubali, ila chuo si mrithi wako kwa hivo hapo hakuna tatizo. Ndugu zetu wa madhehebu mengine, Ithnaasheri na Mabohora, wana tofauti zao kidogo, waulize wanazuoni wao.

Halafu kuna wakf, na hii mimi ndiyo naipenda zaidi. Wakf unaufanya ungali mzima, mali inatoka mikononi mwako inasimama, haiuzwi, hairithiwi, yale mapato yake tu ndio yanatumika, kwa mfano kodi ya duka inasomesha watoto wawili wa uhandisi. Ile thuluthi haikubani ukiufanya ukiwa na afya yako, lakini ukiufanya uko kwenye maradhi ya mauti unahesabiwa kama wasia, thuluthi inarudi. Mji wa Kale ni nani asiyejua nyumba za wakf? Mtindo ni ule ule, mnufaika tu ndio anakuwa mwanafunzi badala ya msikiti. Kamisheni ya Wakf iko hapa hapa Mombasa na kuna sheria mpya ya wakf ya 2022, nenda kaulize kabla hujaandika karatasi yoyote.

Na riba je? Chuo kikiiweka pesa yangu benki?

Andika. Sema wazi kwamba iwekezwe kwa njia za halali, nyumba ya kupangisha, sukuk (hati za uwekezaji zisizo na riba), au akaunti ya benki ya Kiislamu, ambazo Kenya tunazo tangu 2008. Usiponena, mhasibu wa chuo ataweka anapoona pana faida, na hutamlaumu maana hukumwambia.

Mimi si Muislamu, mimi vipi?

Wewe unaongozwa na Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ilianza kutumika 1981. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuandika wasia akagawa mali yake atakavyo, hakuna thuluthi. Lakini usishangilie mapema, manake sheria hiyo hiyo inampa mke, mume, watoto na wengine waliokutegemea haki ya kwenda kortini wakiona wameachwa mikono mitupu, na jaji anaweza kuupangua wasia wako awape. Kwa hivo ukipeana kila kitu kwa chuo ukamwacha mama watoto anapanga chumba Bombolulu, chuo hakitapata kitu, kitapata kesi.

Wasia wa maandishi unatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, au kama sahihi ulitia kabla unaikiri mbele yao, na wao wanatia zao mbele yako. Shahidi asiwe mtu uliyemwachia kitu wala mume au mke wake, akiwa ndiye basi fungu lake linaanguka, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasio na chochote humo. Nimeona mzee amewaita watoto wake wawili wapendwa ndio mashahidi, ah, kumbe anawanyima kwa mkono wake mwenyewe.

Na ule wa mdomo, "mzee alisema pale kitandani chuo kipewe kiwanja", unahesabika kama ulisemwa mbele ya mashahidi wawili na mzee akafa ndani ya miezi mitatu. Akipona akaishi miaka miwili, maneno yamekwisha nguvu.

Pia ukioa au ukiolewa baada ya kuandika, ndoa inaufuta ule wasia, isipokuwa uliuandika ukiitazamia ndoa hiyo hiyo. Nyie mnaooa upya mkistaafu, mmesikia.

Niandike shilingi ngapi?

Usiandike shilingi, andika asilimia. Mtu aliyeandika 1990 "nakiachia chuo shilingi elfu ishirini" wakati huo aliona ametoa, leo hiyo inamaliza salio la mtoto mmoja tu. Na kinyume chake pia kipo, unaandika milioni moja ukiwa na milioni kumi, halafu maradhi yanakula zote zinabaki milioni moja na nusu, chuo kinachukua sehemu kubwa kuliko watoto. Asilimia inapanda na kushuka na mali yako. Wengine wanaandika "kitakachobaki baada ya wote kupewa", hiyo pia sawa, mradi ukubali kwamba huenda kisibaki kitu. Kuna na ile ya akiba, yani "ikiwa fulani hatakuwa hai kupokea fungu lake, liende kwa chuo", nzuri kwa wasio na watoto.

Jina la chuo niandike vipi?

Ahsante kwa kuuliza, manake hapa ndipo pesa zinapopotea. Angalia hicho chetu cha Tudor, kimekuwa MIOME, 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, 1972 Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kikiitwa Mombasa Polytechnic University College, 2013 ndio Technical University of Mombasa. Majina matano! Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi nacho kilikuwa chini ya kile kingine, Chuo Kikuu cha Kenyatta, kabla ya kujitegemea 2013. Sasa mtu ameandika "Poli" kwenye wasia, msimamizi wa wasia ni mpwa wake aliyezaliwa 1999, atajuaje Poli ni wapi?

Andika jina kamili la kisheria kama lilivyo kwenye charta yake, ile hati iliyokianzisha kisheria, ongeza mji, halafu malizia na maneno kama "au taasisi yoyote itakayochukua nafasi yake". Usiandike idara kama ndiyo mpokeaji, idara haina ubavu wa kumiliki mali, chuo ndicho chenye ubavu, idara unaitaja kama mahali pa kutumika pesa. Na usiandike jina la profesa. Profesa anaweza kuhama kesho.

Nyumba yangu iko Majengo, naweza kuiachia chuo?

Swali la Mombasa hasa hili. Wengi wetu tuna nyumba lakini ardhi si yetu, tunalipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba, na karatasi tulizonazo ni zile risiti za kila mwezi. Unaweza kuusia kile unachomiliki tu, nacho hapo ni nyumba, haki yako juu ya ile ardhi ni kidogo mno, chuo kitapokea kuta na mgogoro. Hapo mimi naona bora uuze, au umwachie mtoto anayekaa humo, kisha chuo ukitafutie fungu kwenye pesa.

Ukiwa na hati miliki yako safi, hiyo habari nyingine. Ila angalia kama ni umiliki wa pamoja na mwenzio, ule ambao mmoja akifa yote yanabaki kwa aliye hai, hiyo haingii kwenye wasia kabisa. Na nyumba mnayoishi na mkeo, tafadhali, usiguse kabla hamjakaa mkazungumza.

Pensheni, sako na bima?

Hizi zinakwenda kwa fomu zao na mara nyingi hazisubiri wasia. Pensheni ya skimu hailipwi kama sehemu ya mirathi, inafuata kanuni za skimu, na wadhamini ndio huangalia nani alikutegemea. Bima ya maisha ndiyo rahisi kuliko zote, unajaza jina la mnufaika na asilimia yake. Sako ulizeni, kila moja na kanuni zake. Muhimu ni kupekua hizo fomu, wengi wetu tulizijaza siku ya kwanza kazini tukaandika jina la mama, na mama keshatangulia zamani.

Watoto wangu watasema nini?

Watasema mengi ukiwaficha. Mimi niliwaita wangu watatu, tukala mahamri na mbaazi, nikawaambia asilimia saba inaenda Tudor na sababu ni hii, bila ile diploma nisingemuoa mama yenu maana babake alitaka mtu mwenye kazi. Mkubwa akanyamaza siku mbili, halafu akauliza swali la maana kuliko la loya yeyote, "na kama chuo hakitaki?" Sikuwa nimefikiria.

Kwani chuo kinaweza kukataa?

Kinaweza, na wakati mwingine kina haki. Kiwanja chenye kesi, gari bovu, vitabu elfu moja vya zamani visivyo na pa kuwekwa. Rafiki yangu alikiachia chuo kimoja, sikitaji, maktaba ya babake nzima, ikakaa kwenye maboksi mpaka mchwa wakahitimu wao. Kosa la nusu kwa nusu nasema mimi, chuo kilipokea bila kupanga na familia ilipeleka bila kuuliza. Kwa hivo kaulize ungali hai. Andika barua kwa ofisi ya makamu wa chansela, sema unachotaka kuacha na kwa kazi gani, ngoja jibu la maandishi. Siri usiweke, mtu haviziwi kwa sadaka.

Si watazila tu?

Nshajua litakuja. Vyuo vingi vya umma vinadaiwa mabilioni, pesa yako ikiingia kwenye akaunti moja na mishahara, sahau. Ndio maana unaandika iingie kwenye mfuko wake wenyewe, kwa jina lake, isitumike kwa matumizi ya kila siku ya chuo. Vyuo vya umma vinakaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Serikali na ripoti zake ziko wazi, soma ya chuo chako miaka miwili mitatu iliyopita kabla ya kuandika, inachosha kama dawa ya kifua lakini soma. Ukiona huridhiki, waliosoma pale wanaweza kusajili mfuko wa wadhamini unaojitegemea, watu watano sita wenye majina safi, wewe unauachia huo mfuko na huo ndio unalipia wanafunzi. Kazi ni zaidi, usingizi ni mzuri zaidi.

Huo mfuko wa kudumu unafanyaje kazi?

Mtaji hauguswi, kinacholiwa ni mapato. Tuseme umeacha laki tano, na mwaka huo zimezaa asilimia kumi, hiyo ni elfu hamsini. Elfu kumi na tano unairudisha ndani ili bei za vitu zisiutafune mtaji, elfu thelathini na tano inamaliza salio la mtoto mmoja au wawili. Mwaka unaofuata tena. Laki tano hiyo ukiigawa yote siku moja inasaidia watu wengi mara moja, halafu kwisha, na hata hiyo si dhambi, wengine wanapenda hivo. Vyuo vingine vina kiwango cha chini cha kufungua mfuko wenye jina, kama hufiki mnaungana watu wa mwaka mmoja.

Naweza kuweka masharti?

Weka, lakini usikaze kamba mpaka ikatike. "Basari ya msichana kutoka Lamu anayesoma kupiga chapa kwa mashine", kozi ilikufa, pesa zimesimama hakuna wa kuzichukua. Sema nia yako, kisha mpe njia ya pili, "kwanza wasichana wa Pwani wanaosoma uhandisi, wasipopatikana, mwanafunzi yeyote mhitaji wa Pwani".

Kodi?

Kenya haina kodi ya mirathi, iliondolewa mapema miaka ya 1980. Ukitoa pesa ungali hai kwa taasisi yenye cheti cha msamaha wa kodi, mhasibu wako anaweza kuziondoa kwenye mapato unayokatwa. Weka risiti.

Bado nadaiwa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi, nitoe?

Lipa HELB kwanza. Hilo ni deni, na deni hutangulia sadaka. Na ukilipa, ujue ni mtoto mwingine anakopeshwa hiyo hiyo.

Niko Dubai, au Marekani, wasia niuandikie wapi?

Nyumba na ardhi zinafuata sheria ya nchi zilipo, ardhi ya Kisauni itaamuliwa kwa sheria ya Kenya hata ukiwa umekufia Abu Dhabi. Wengi huandika wasia mbili, moja ya huko na moja ya hapa, sasa hakikisha ule wa pili hausemi "nafuta wasia zangu zote za nyuma", manake utakuwa umejichoma mwenyewe. Msimamizi awe mtu aliye Kenya, asiyehitaji tiketi ya ndege kila korti ikiahirisha.

Chuo kitapata pesa baada ya muda gani?

Si kesho. Msimamizi anakwenda kortini na wasia, tangazo linatoka kwenye gazeti rasmi la serikali, watu wanapewa siku 30 za kupinga, granti inatoka, yani kibali cha korti cha kusimamia mali, halafu kwa kawaida miezi sita ndipo inathibitishwa na mali kugawanywa. Hiyo ni kama hakuna aliyeinua mkono. Granti ikishathibitishwa, aliyetaka kudai kwamba hakutunzwa kwenye wasia amechelewa. Waislamu wakikubaliana wote wanaweza kwenda kwa Kadhi. Chagua msimamizi mvumilivu kuliko msomi, na umwambie, wengine hujua wao ni wasimamizi siku ya hitma.

Nikibadilisha nia je?

Wasia unafutika siku yoyote ungali na akili zako, unaandika mwingine au unauchana huo kwa makusudi. Wakf ukishakamilika haurudi. Ndio maana kwenye wakf nawaambia watu polepole.

Nimemaliza kuandika, niuweke wapi?

Popote ila si mahali ambapo wewe peke yako ndiye unajua. Wangu wa asili uko kwa wakili, kopi anayo dadangu Likoni, na kopi ya pili iko kwenye sanduku la marehemu mama, chini ya leso zake, maana najua hapo ndipo watakapofungua kwanza.